Nduru Mbili za Jedidah

Pale juu ya Nkubu, mahali kahawa inapoishia na majani chai yanapoanza, watu waliijua sauti ya Jedidah kabla ya kuijua sura yake. Akiita mbuzi wake, ng'ombe wa watu ng'ambo ya mto waligeuza shingo. Kanisani mwalimu wa kwaya alimwomba akae nyuma, naye akaenda akakaa mbele. Na akipiga nduru, hapakuwa na mwanamume aliyebaki kitini.

Nduru kule si kelele tu. Mtu akipiga nduru, unaacha sahani, unaacha jembe, unashika chochote kilicho karibu na unakimbilia sauti inakotoka. Huulizi. Kuuliza ni baadaye. Mtu akisikia akakaa, siku mwizi atakapoingia kwake atapiga yake mpaka koo likauke, na majirani watajifunika blanketi. Ndivyo Jedidah alivyolelewa, na ndivyo alivyowalea wake.

Kuna mwaka mmoja alitoka kukamua asubuhi, akaona mtu asiyemjua anafungua kamba ya ng'ombe wa Kithinji, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Akapiga nduru. Yule mtu walimshika mtoni kabla hajafika ng'ambo. Walimpiga mawe mpaka uso ukapotea, halafu wakaleta tairi. Jedidah aliteremka akaangalia. Aliona meno tu, meupe, kama ya mtu anayecheka. Akarudi akapika uji akanywa. Kasisi alipomuuliza habari za siku ile, alimjibu, "Mimi nilipiga nduru. Sikupiga mtu." Na kwa miaka yote iliyofuata, kila mtu aliyemuuliza alimpa maneno hayo hayo, na kichwa kikiwa juu.

Nyumbani aliishi na mjukuu wake Kagwiria, mtoto wa binti yake Karwirwa anayefanya kazi Nairobi. Kagwiria alisomea kuchora chuoni, akarudi na sanduku la makaa. Si makaa ya kupikia, makaa ya kuchorea, na Jedidah alipoambiwa bei yake alitoka nje kupumua.

Kagwiria alikuwa na marafiki wawili. Wa kwanza ni Muthomi, kijana wa pale pale Nkubu, anayeandika majina ya mabucha na saluni kwenye kuta, nywele zimesokotwa mpaka mgongoni, mdomo haufungwi. Wa pili ni Gedion, mchongaji, mtu wa Kianjokoma kule Embu, mpole, anayemsalimu mzee kwa mikono miwili na kumpasulia kuni bila kutumwa. Jedidah alimpenda Gedion. Muthomi alimvumilia.

Walikuwa wakikusanyika jikoni kwake kila jioni. Jiko lile lilikuwa la mbao, limesimama peke yake nyuma ya nyumba, limepakana na zizi la Kithinji. Vijana walilipenda kwa sababu lilikuwa na moto, na kwa sababu simu zilishika mtandao vizuri ukikaa karibu na dirisha. Tena vinyago vya Gedion walivipanga darini, juu ya moshi, visiliwe na dumuzi, pale pale Jedidah alipoweka mahindi ya mbegu. Michoro ya wengine waliining'iniza ukutani. Kazi yao yote ilikuwa mle.

Na shughuli yao kubwa ilikuwa kuomba. Waliomba kwa wazungu, kwa Wajapani, kwa mtu yeyote aliye na chumba cha kumpa msanii akae achore miezi michache. Majibu yalikuja kwa simu na yote yalianza na neno moja. Basi wakatunga sheria: akikataliwa mtu, yeye ndiye anayepika chai.

"Tunasikitika," Muthomi alisoma jioni moja, akainuka kutafuta sufuria.

"Wamesema nini safari hii?" Gedion akauliza.

"Wanasema kazi yangu ina uchangamfu. Lakini haizungumzi na dunia ya leo."

"Kwani uliwatumia gani?"

"Ile ng'ombe ya bucha."

"Ile inacheka?"

"Hiyo hiyo. Kwani dunia ya leo haili nyama?"

Kagwiria alikuwa ameinamia simu yake. "Hawa wengine wanataka ueleze mateso yako kwa maneno mia mbili."

"Mia mbili?" Muthomi akasema, akitia majani. "Baba yangu ana wake watatu. Mia mbili ni ya mama mkubwa peke yake."

Jedidah aliyekuwa anachambua maharagwe akawauliza, "Na huko mkienda, mtalima nini?"

"Hatulimi, shosho. Tunapewa chumba, tunapewa chakula, tunakaa," Kagwiria akamjibu bibi yake.

"Nani anakamua?"

"Hakuna ng'ombe, shosho."

"Basi hiyo ni hospitali," Jedidah akasema, na vijana wakacheka mpaka Gedion akamwaga chai.

Kicheko kikaisha chenyewe. Kagwiria alikuwa anasukuma picha kwa kidole gumba, na Jedidah akainama kuona. Kulikuwa na mji umeangushwa na ndege za vita. Kulikuwa na mguu wa mtoto umetokeza chini ya saruji, na kiatu bado kiko mguuni. Kidole kikasukuma. Ikaja sabuni ya kufulia, mwanamke anacheka nayo. Kidole kikasukuma. Wakaja vijana wanakimbia barabarani, moshi, mmoja analala chini ghafla kama mtu aliyekumbuka usingizi, chini yake pakawa pekundu.

"Rudisha yule mtoto," Jedidah akasema.

"Nani?"

"Wa kiatu. Walimtoa?"

"Sijui, shosho. Imepita."

"Imepita nini? Mtu anakufa na wewe unamsukuma kwa kidole. Hapa ungesikia nduru ukasukuma kidole, ningekufukuza."

Kagwiria aliizima simu, akawaangalia wenzake, na Jedidah alipokwenda kulala aliwaacha wameinamiana, wananong'ona kama watu wanaopanga kuiba.

Walichokuwa wanapanga ni video. Gedion atalala njiani kama maiti, ametapakaa damu. Muthomi atasimama juu yake na panga. Kagwiria atajificha ndani ya kahawa na simu, na hawatasema neno, hawatasogea, mpaka dakika zinazotakiwa ziishe. Majani yatatikisika, kuku watapita, na hakuna mtu atakayekuja. Wazungu waone jinsi dunia inavyompita mtu aliyekufa. Aplikesheni, yaani yale maombi ya chumba, ilikuwa inafungwa Ijumaa.

Kagwiria alikuwa amekaa chuoni miaka mingi. Alisahau yuko wapi.

Siku iliyofuata wavulana waligombana. Aplikesheni ilitaka jina moja litangulie, na Muthomi alitaka lake, na Gedion, ambaye hakuwahi kuinua sauti katika boma lile, aliinua. Jedidah aliwasikia akiwa zizini. Akamwona Gedion anatoka bila kumaliza chai, na Muthomi anamwita kwa matusi yenye kicheko. Jambo lile alilihifadhi kifuani.

Alhamisi asubuhi Jedidah alitafuta panga lake akalikosa. Akaenda kuchuma majani chai na hasira yake. Kwa kawaida alikuwa hatoki kwenye kituo cha majani kabla ya saa nane, lakini siku hiyo gari la kubeba majani lilikwama kwenye tope chini ya daraja, na karani akawaambia warudi jioni. Jedidah akapanda na kikapu chake mgongoni, kamba ipo kwenye paji la uso, anateta na karani ambaye hayupo.

Kwenye kona ya chini ya boma lake, ambapo njia inapita katikati ya mibuni, aliona gambuti, viatu vya mpira vya shambani. Gambuti za rangi ya kijani, moja imezibwa kwa kiraka cha tairi. Alizijua. Mwenye nazo alikuwa amelala kifudifudi, shati limekuwa zito na jekundu toka shingoni mpaka kiunoni, na wekundu ule ulikuwa umetambaa kwenye vumbi. Juu yake alisimama Muthomi. Nywele zilikuwa zimemwagika usoni, na mkononi alikuwa na panga la Jedidah, linatona.

Kama ingekuwa rangi, Jedidah angejua. Amechinja kuku na mbuzi maisha yake yote, amezalisha ng'ombe usiku kwa mikono yake. Lakini upepo ulimletea harufu, na ile haikuwa rangi. Nzi walikuwa wameshatua shingoni kwa Gedion.

Kikapu kikaanguka, majani yakamwagika. Akafungua mdomo.

Waliosikia nduru ile walisema baadaye kwamba ilitoka chini ya ardhi. Ilikwenda mpaka kiwanda cha kahawa, ikaenda mpaka stendi ya bodaboda. Muthomi aliruka kama amepigwa na umeme, akageuka, akamwona, na akafanya kosa ambalo mtu yeyote angefanya: akaja mbio kumwelekea, panga bado lipo mkononi, anasema "Shosho, hapana, ngoja."

Jedidah akapiga tena, zaidi.

Hawakuchelewa. Wa kwanza alitokea kwenye migomba na jembe. Wa pili na wa tatu walikuwa wanapogoa kahawa, wakaja na misumeno yao. Pikipiki zikapanda kilimani zinanguruma, mbili mbili, na kwenye ya mbele alikuwa Kithinji, mwenyekiti wa bodaboda, mwanamume mnene mwenye mikono ya kuinua magunia, yule yule ambaye ng'ombe wake aliokolewa na sauti hiyo. Muthomi alitupa panga. Haikusaidia. Jembe lilimpata begani kwa upande wa bapa, akapiga magoti.

Gedion aliinuka. Alisimama mzima na shati lake la damu, mikono juu, akapiga kelele kwamba yeye hajaumia, kwamba wanaigiza. Wanaume wawili wakamdaka kabla hajaanguka, maana walijua ataanguka.

"Pole, kijana, usiseme. Usimalize pumzi."

"Niko mzima."

"Ndiyo, uko mzima. Ameanza kuweweseka huyu. Mlete."

Wakambana kwenye pikipiki, mmoja mbele, mmoja nyuma, yeye katikati kama gunia la viazi, anapiga mateke na kulia, na wakamkimbiza hospitali. Hivyo ndivyo shahidi pekee ambaye wangemwamini alivyoondoka, kwa mwendo wa kasi, kwa upendo.

Waliobaki walimrudia Muthomi. Kulikuwa na fimbo, kulikuwa na mawe ya mtoni yaliyopangwa kando ya njia kuzuia maji. Mtu alimpiga teke la mdomo na kitu cheupe kikaruka. Alijikinga kichwa kwa mikono, na mmoja akasema, "Huo ndio mkono ulioshika panga," na wakauvuta mkono wa kulia, wakaulaza juu ya jiwe, wakauponda kwa jiwe lingine. Sauti aliyoitoa Muthomi haikuwa nduru. Nduru inaita watu. Ile haikumwita mtu.

Hapo ndipo Kagwiria alipoweza kufika. Alikuwa ametoka kwenye kahawa mapema, lakini mwanamume mmoja alimpiga kofi akaanguka, na simu ikamruka. Alimfikia bibi yake kwa magoti, akamshika gauni.

"Shosho, waambie. Ni damu ya mbuzi. Tuliitoa bucha. Ni kazi, tulikuwa tunafanya kazi."

"Gedion..."

"Gedion hana hata mchubuko. Angalia."

Jedidah akaangalia alikoonyeshwa. Kwenye nyasi, chini ya mbuni, kulikuwa na chupa kubwa ya soda imelala, shingo yake imeganda damu, na kando yake mrija wa Jedidah mwenyewe, ule wa kumiminia mafuta ya taa. Alivitazama vitu hivyo viwili. Hakuna mtu anayeua mwenzake kwa mrija.

Akajitosa katikati ya wanaume.

"Kithinji. Acha. Nimekosea."

Neno hilo hakuwa amewahi kulisema kwa mtu aliye hai. Kithinji hakuligeukia hata kidogo. "Mama Karwirwa, wewe umefanya yako. Tuachie sisi yetu."

"Nimesema huyu mtoto hajaua mtu."

"Damu umeiona wewe. Nduru umepiga wewe."

"Ni ya mbuzi."

Mtu akacheka. Mwingine akasema, "Mama ameingiwa na huruma, mwondoeni," na kiwiko kikampata kifuani akaanguka chali kwenye majani yake mwenyewe. Kitambaa cha kichwa kilimtoka. Tangu awe mama, hakuna mkono uliowahi kumsukuma. Kutoka pale chini aliona miguu, na katikati ya miguu aliona jicho moja la Muthomi, lililobaki wazi, linamtazama yeye. Na aliona kijana mmoja amechuchumaa kando ya pikipiki ya Kithinji, anafyonza petroli kwa mpira na kuitemea ndani ya chupa.

Jedidah alielewa kwamba maneno yake hayana nguvu mahali pale. Yote aliyokuwa nayo ni ile sauti, na ile sauti ndiyo iliyokuwa imewaleta. Mdomo hauwezi kuirudisha nduru. Kinachoweza kuivuta ni nduru nyingine, na nduru nyingine lazima iwe na kitu nyuma yake. Watu wakifika wakakuta hakuna kitu, watarudi wamekasirika mara mbili, na yule wa chini ataungua tu.

Akainuka, akapanda mlima.

Alikuwa mwanamke wa magoti mabovu, na alikimbia. Ndani ya jiko makaa ya asubuhi bado yalikuwa hai chini ya majivu. Alitazama juu darini. Vinyago vya Gedion vilimtazama, kimoja kina uso wake mwenyewe, Jedidah, umechongwa na mdomo wazi. Alitazama ukutani, ile ng'ombe inayocheka, na makaa ghali ya mjukuu wake kwenye karatasi. Mahindi ya mbegu. Sufuria ya harusi yake. Akachukua mtungi wa mafuta ya taa akamwaga kwenye kuni, akamwaga kwenye mbao, akamwaga mpaka mtungi ukawa mwepesi, akasukuma makaa kwa mguu.

Jiko lile lilikuwa limekaushwa na moshi wa miaka arobaini. Lilishika kama nyasi. Alitoka nyusi zimeungua, akasimama mlangoni, na akapiga nduru ya pili.

Chini kule, wanaume walisimama na mawe mikononi. Wakageuka wakaona moshi mweusi unapanda juu ya miti. Miguu ndiyo iliyosikia. Walikimbia, wa jembe, wa misumeno, wa fimbo, wakapanda wanakanyaga majani ya chai yaliyomwagika, kwa sababu ndivyo walivyolelewa.

Kithinji alibaki. Alikuwa na chupa mkono mmoja na kibiriti mkono mwingine, na Muthomi alikuwa miguuni pake, amelowa petroli, hasogei. Kagwiria alijilaza juu ya rafiki yake akafumba macho. Alisikia kijiti kikikwaruza, halafu hakikuwaka, halafu akasikia Kithinji anatukana taratibu. Upepo ulikuwa umegeuka. Moshi ulikuwa umeinamia zizi lake, na ndani ya zizi kulikuwa na nyasi kavu na ng'ombe mwenye mimba. Aliiweka chupa chini kwa uangalifu, kama mtu atakayerudi, akakimbia.

Hakurudi. Kagwiria alimvuta Muthomi kwa kwapa, mstari kwa mstari wa kahawa, mpaka barabara ya chini. Pikapu ya maziwa ikawachukua, akalazwa katikati ya mitungi.

Juu, watu walipigana na moto kwa ndoo, na matawi, na mchanga. Zizi lilipona. Jiko halikubakiza hata msumari ulionyooka. Walipokuwa wamesimama wanahema, nyuso nyeusi, pikipiki ikaingia bomani. Gedion alikuwa nyuma, amevaa gauni la hospitali lililofunguka mgongoni na gambuti zake za kijani. Wauguzi walikuwa wamemwosha wakatafuta jeraha kila mahali, na walipolikosa wakataka kumpeleka kwa daktari wa vichwa. Alishuka akasimama mbele yao, safi kama mtoto wa ubatizo.

"Yuko wapi Muthomi?" akauliza.

Kithinji alitazama ndani ya ndoo yake, ingawa haikuwa na kitu. Mtu mmoja alianza kuondoka, halafu mwingine, mmoja mmoja, bila kuaga, na jembe lililompiga Muthomi lilibaki limeegemea ukuta wa Jedidah wiki nzima, hakuna aliyesema ni lake.

Wazee walimwita Jedidah wakakaa naye. Walijua, lakini walitaka aseme.

"Moto ulitoka wapi, mama?"

"Jikoni."

"Mafuta ya taa yalifikaje ukutani?"

"Jiko liliungua au halikuungua?"

"Liliungua."

"Basi sikupiga nduru ya uwongo. Ile ya uwongo ni ya kwanza, na mlikuja nyote. Anayetaka mbuzi wa faini aje amchukue, lakini aje na mkono wake wa kulia niuone."

Hakuna aliyekwenda kuchukua mbuzi. Jedidah alimwuza mwenyewe sokoni, akapeleka pesa hospitali, akamtupia Kagwiria mezani bila kusema ni za nini.

Muthomi alipoteza vidole viwili na meno matatu. Kile kidole cha shahada kilibaki lakini kilikuwa hakikunjiki. Siku Jedidah alipoingia wodini, amevaa koti la kanisa, alisimama mbali na kitanda. Taya la kijana lilikuwa limefungwa kwa waya, akazungumza kupitia meno.

"Shosho. Ukinikuta tena vile, utapiga?"

Kagwiria na Gedion walitazama sakafu.

"Ukisimama juu ya mtu na panga langu, nitapiga," Jedidah akasema. "Lakini nitakuja karibu kwanza."

Muthomi alitikisika. Walidhani analia. Alikuwa anacheka, na mbavu zikamwadhibu. Jedidah alisogea akaketi kitandani, akauchukua ule mkono uliofungwa bandeji, akauweka juu ya paja lake, na akakaa nao vile mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha. Hakusema yale maneno aliyomjibu kasisi, kwamba yeye hakupiga mtu. Hajayasema tena.

Simu ya Kagwiria ilipatikana chini ya mbuni, kioo kimepasuka. Ilikuwa imeanguka ikiangalia juu na haikuacha kurekodi. Ndani yake hakukuwa na damu wala panga. Kulikuwa na majani ya kahawa, kipande cha mbingu, kunguru mmoja, na sauti. Sauti zote. Nduru ya kwanza, halafu yale ya katikati ambayo Gedion alishindwa kuyasikiliza akatoka nje, halafu ya pili, ikitoka mbali, juu.

Hawakuwa na kazi nyingine. Kila kitu kilikuwa kimeungua.

"Tuma," Muthomi akasema kupitia waya. "Jina la mbele liwe la Gedion. Yeye ndiye alikufa."

Wakatuma, siku nyingi baada ya aplikesheni kufungwa. Jibu lilikuja mvua ilipoanza. Walikuwa ndani ya nyumba kubwa, maana jiko jipya lilikuwa nguzo tu. Kagwiria alisoma neno la kwanza kisha akaiweka simu mezani, na wavulana wakatazamana nani ainuke.

"Kaeni," Jedidah akasema. Alikuwa ameshashika sufuria. "Sauti ni yangu. Mimi ndiye niliyekataliwa."

Akapika, na akaijaza sukari kupita kiasi.

Kabla chai haijapoa, nduru ikasikika. Ilitoka upande wa mtoni, ya mwanamke, kali, mchana kweupe. Gedion alisimama. Muthomi alikunja ule mkono tumboni, akawa wa rangi ya majivu. Nje pikipiki ya Kithinji ilikuwa imeshanguruma.

Jedidah alikuwa mlangoni kabla yao wote. Panga lilikuwa limening'inia pale pale linapokaaga. Mkono wake ulikwenda kulishika, kwa mazoea ya miaka yote, ukaligusa. Halafu ukaliacha. Akafunga kitambaa chake, akateremka mlima mikono mitupu, magoti yanalia, anakimbia kuwatangulia wanaume, na huku anakimbia alikuwa anaita kwa ile sauti yake, watu wa ng'ambo wote wakasikia:

"Ni nini? Wewe unayelia, ni nini? Nijibu kwanza, ni nini?"